Picha ina ukungu upande mmoja: kutafuta kosa kwenye kasha la lenzi ulilojitengenezea

Kamera ndogo ikianza kutoa picha isiyo kali, mkono wa kwanza huenda kwenye lenzi. Unaizungusha, ukungu unahama badala ya kuisha, unakaza, unalegeza, na baada ya nusu saa hukumbuki tena ulianzia wapi. Nimepoteza jioni nyingi hivyo. Siku hizi sishiki bisibisi kabla ya kujibu swali moja: nikigeuza bomba la lenzi, kasoro inageuka nalo au inabaki palepale? Ikigeuka, kosa liko ndani ya bomba. Ikibaki, kosa liko kwenye sensa (kipande cha kielektroniki kinachopokea picha) au mahali bomba linapokaa. Karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kinaanzia kwenye jibu la swali hilo.

Mfano wangu ni kamera ninayoishika kila wiki, Raspberry Pi HQ, iliyoanza kuuzwa mwaka 2020. Sensa yake ni Sony IMX477, ina upana wa mm 6.3 hivi na pikseli za mikroni 1.55 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mbele yake naweka kasha la alumini lenye lenzi tatu au nne za kipenyo cha mm 12, zinazofunguka hadi f/2, yaani tundu la mwanga lina upana wa nusu ya urefu wa fokasi. Tuseme unakubali nukta ya mwanga itanuke mpaka pikseli mbili, yaani mikroni 3. Zidisha kwa 2 ya f/2, unapata 6. Sensa ikisogea mbele au nyuma kwa zaidi ya mikroni 6, picha imeshaharibika. Karatasi ya kuchapia ina unene wa mikroni 100 hivi. Hiyo 6 iweke kichwani, maana tutairudia.

Kifaa cha uchunguzi hakina gharama. Chukua karatasi ya alumini ya jikoni, itoboe kwa ncha ya sindano, weka tochi nyuma yake, zima taa, kisha isimamishe mita chache kutoka kwenye kamera. Hiyo ndiyo nyota yako. Ipige picha ikiwa katikati ya fremu, halafu kwenye kila kona, ukipita taratibu kutoka kabla ya fokasi hadi baada yake. Umbo la nyota litakwambia mengi ambayo picha ya ukuta au ya gazeti haiwezi kukwambia.

Upande mmoja mkali, upande wa pili una ukungu

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote. Ukisogeza fokasi, upande wa kushoto unakaa sawa na wa kulia unafifia. Ukisogeza tena, wa kulia unakaa sawa na wa kushoto unafifia. Kuna kitu kimelala mshazari.

Fanya jaribio la kugeuza. Kama bomba lako ni laini kwa nje na linashikwa na kishikio kilichopasuliwa, legeza skrubu, geuza nusu mzunguko huku ukilisukuma lisimame kwenye bega lake, kaza. Kama ni la thredi usiligeuze, kwa sababu M12 (thredi ya kipenyo cha mm 12) yenye hatua ya mm 0.5 kwa mzunguko itasogea mikroni 250 kwa nusu mzunguko na utapoteza fokasi yote. Badala yake fungua kishikio kizima kwenye bodi ukigeuze. Matundu ya bodi hii yako kwenye mraba wa mm 30, kwa hiyo kinakubali hata robo mzunguko.

Ukungu ukibaki upande uleule, usiguse lenzi. Tazama sensa. Hesabu yake inatisha kidogo: tofauti ya mikroni 12 kutoka ukingo mmoja wa sensa hadi mwingine, yaani 6 kila upande, inamaliza nafasi yako yote. Kwa upana wa mm 6.3 hiyo ni nyuzi 0.11 za mshazari. Peleka mshazari huohuo kwenye skrubu zilizoachana mm 30, unapata mikroni 57. Nusu ya unene wa karatasi chini ya skrubu moja inatosha kuharibu picha. Tone la risasi ya kusolda, chembe ya plastiki iliyobaki kwenye tundu, rangi iliyojikusanya kwenye kona, chochote kati ya hivyo kinaweza kufika hapo. Mara moja nilitafuta kosa siku mbili, kumbe ni stika ya namba niliyoibandika mwenyewe nyuma ya kishikio, na skrubu moja ilikuwa imeipita.

Dawa ya muundo ni kuacha kuilaza bodi juu ya uso mzima wa kishikio. Acha viguu vitatu vidogo, vyote vikerezwe kwa mkupuo mmoja, bodi ikae juu ya hivyo tu. Kiti cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Kisha chini ya kila skrubu weka wosha ya chemchemi ili ukitaka kusahihisha uweze kukaza upande mmoja kwa kiasi kidogo bila kuikunja bodi.

Ukungu ukigeuka pamoja na bomba, kuna lenzi iliyolala mshazari ndani. Itoe, tazama kitako chake kwa lupu (kioo cha kukuzia). Mara nyingi utakuta ncha ya chuma iliyoachwa na kisu cha mashine, au uchafu, au pete ya nafasi (ile inayotenganisha lenzi mbili) ambayo nyuso zake mbili haziko sambamba. Ncha ya mm 0.02 chini ya lenzi ya mm 12 inailaza karibu dakika 6 za tao (dakika 60 ni digrii moja). Linganisha: lenzi za kawaida za katalogi huruhusiwa kasoro ya senta ya dakika 3 hivi. Yaani unyoya huo wa chuma umezidisha mara mbili kosa lililoruhusiwa kiwandani.

Pete za nafasi zipime kwa maikromita sehemu nne za mzunguko. Zikitofautiana zaidi ya mm 0.005, zisugue juu ya kipande cha kioo kilichobandikwa msasa wa namba 1200, kwa mwendo wa namba nane, ukizigeuza kila baada ya misuguo kadhaa. Ukisugua upande mmoja tu kwa mkono uliochoka utaongeza kosa.

Nyota ina mkia hata katikati ya picha

Nyota ikiwa katikati kabisa lakini ina mkia wa kimondo unaoelekea upande mmoja, na mkia huo uko hivyo fremu nzima, lenzi moja imetoka kwenye senta. Mara nyingine inakuja pamoja na ukungu wa upande mmoja, maana lenzi iliyohama huwa pia imeinama kidogo. Tibu kuhama kwanza.

Chanzo cha kwanza ni kuamini namba ya katalogi. Lenzi iliyoandikwa mm 12 mara nyingi imeruhusiwa kupungua mpaka 0.1. Ukikereza tundu la 12.02 na lenzi ikaja 11.93, una pleyi (nafasi ya kuchezacheza) ya mm 0.09, na lenzi inaweza kukaa mikroni 45 nje ya senta bila wewe kujua. Pima kila lenzi kabla ya kukereza, andika kipenyo chake kwenye bahasha yake, kisha kereza tundu la lenzi ile, si la katalogi. Mimi huacha mm 0.01 hadi 0.015.

Chanzo cha pili ni kufungua kazi kwenye mashine. Ukikereza tundu la mbele, ukatoa bomba, ukaligeuza na kulibana tena kwenye chaki (kibanio cha mashine ya kukereza) ya taya tatu ili ukereze la nyuma, senta mbili hizo hazitakutana. Chaki iliyotumika miaka mingi huyumba mm 0.05 hadi 0.1 bila aibu. Matundu yote na vitako vyote vikerezwe upande mmoja, kwa kufunga kazi mara moja, kama ngazi: kubwa mbele, ndogo nyuma. Kama muundo wako haukubali ngazi, badilisha muundo.

Chanzo cha tatu ndicho kinachonikera zaidi kwa sababu kimejaa kwenye michoro ya bure: kutumia thredi kuweka senta. Thredi ni ya kushika. Ina pleyi kwa asili yake, bila pleyi isingezunguka. Ukitaka nusu mbili za kasha zikutane kwenye senta moja, toa mm 2 au 3 za mzingo laini unaoingia kwenye tundu laini, halafu thredi ifuate nyuma yake ikiwa legelege. Pete ya kubana lenzi nayo vivyo hivyo: thredi yake iwe na uhuru wa kutosha ili pete ijilaze yenyewe juu ya uso wa lenzi. Pete inayobana kwenye thredi yake inasukuma lenzi upande mmoja tu.

Usitegemee pia kwamba pete itaivuta lenzi kwenye senta. Kwa lenzi iliyobinuka sana, ndiyo, uso wake unateleza juu ya kitako mpaka unatulia katikati. Lenzi iliyo bapa au iliyobinuka kidogo itabaki palepale ilipodondokea, msuguano unaishika.

Na kama bomba limeshakerezwa, tundu ni kubwa, na alumini imeisha? Inaokoka. Laza bomba kwenye kipande cha chuma chenye mfereji wa V. Weka taa moja juu, uone mng'ao wake mdogo kwenye uso wa lenzi. Zungusha bomba taratibu kwa kidole. Mng'ao ukitulia, senta iko sawa. Ukichora duara, lenzi imehama. Igongegonge kwa kijiti cha meno mpaka duara linywee na kuwa nukta, halafu weka matone matatu ya gundi ya UV yaliyogawana mzunguko sawasawa. Yamulike matatu kwa pamoja. Gundi hiyo husinyaa inapokauka, na tone litakalotangulia kukauka litaivuta lenzi upande wake. Utakuwa umefanya kazi ya dakika ishirini na kuipoteza kwa sekunde tano.

Nyota ina pembe tatu

Kioo kimebanwa. Ukiona pembe tatu na kasha lako linashika lenzi kwa skrubu tatu za pembeni, umeshapata jibu. Legeza robo mzunguko, tazama tena. Afadhali uondoe kabisa skrubu hizo kwenye muundo ujao.

Kama hakuna skrubu, tundu limebana. Kuna njia mbili za tundu zuri kugeuka kuwa baya. Moja ni rangi. Nilikereza mabomba sita nikiwa na uwazi wa mm 0.01 kila moja, lenzi zikawa zinashuka polepole zikisukuma hewa, jambo la kupendeza kulitazama. Nikayapeleka kwenye anodaizi nyeusi, tabaka gumu linalooteshwa kwa umeme juu ya alumini. Yaliporudi, lenzi zikawa zinasimama mlangoni. Tabaka la anodaizi la mikroni 12 huinua uso kwa mikroni 4 hadi 6, na kwenye tundu hilo ni pande mbili, kwa hiyo kipenyo kilikuwa kimepungua karibu mikroni 10, yaani uwazi wote niliouacha. Nilizisukuma kwa kijiti zikaingia, na kila nyota ikawa pembetatu. Sasa naziba matundu kabla ya kupeleka, au namalizia kukereza baada ya anodaizi na kuacha kitako kiking'aa kidogo.

Njia ya pili ni baridi. Alumini husinyaa zaidi ya kioo: sehemu 23.6 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, wakati BK7, kioo cha kawaida cha lenzi, ni 7.1. Mtu akitoka na kamera Moshi kwenye joto la 30 akafika kilele cha Kilimanjaro usiku kwenye 10 chini ya sifuri, hizo ni nyuzi 40. Kwa lenzi ya mm 12 tofauti inafika mikroni 8. Kasha lililokuwa na uwazi wa mikroni 5 limeanza kuminya kioo, na picha za mapambazuko ndizo zitakazoharibika.

Lenzi ikikwama katikati ya tundu wakati wa kuingiza, usiisukume. Imeinama na imejifunga kama droo ya kabati. Fanya kinyume: simamisha lenzi juu ya kijiti chenye kichwa laini, kisha teremsha bomba kutoka juu. Lenzi inabaki mlalo, bomba ndilo linaloitafuta. Tangu nijifunze hivyo sijavunja ukingo wa lenzi hata mmoja.

Picha nzima ni laini, pande zote sawa

Funga dayaframu (tundu la kupitisha mwanga) hadi f/5.6. Kama picha inakuwa kali ghafla na kabla ya hapo nyota ilikuwa na utando wa mwanga unaoizunguka sawasawa, umbali kati ya lenzi si sahihi, au lenzi moja imegeuzwa uso. Hili la pili ni la kuchekesha mpaka likupate; chora mshale wa penseli kwenye ukingo wa kila lenzi.

Kuhusu umbali, kuna mtego kwenye pete za nafasi. Pete haigusi ukingo wa lenzi, inagusa uso uliobinuka, na mahali inapogusa ndipo panapoamua umbali. Chukua uso wenye nusu kipenyo cha mbinuko cha mm 15. Pete ikigusa mm 5 kutoka senta, kimo cha mbinuko hapo ni 0.858. Fundi akivunja kona ya pete kwa mm 0.2, mguso unahamia 5.2 na kimo kinakuwa 0.930. Unene wa pete ni uleule, maikromita inakubali, lakini lenzi zimesogeleana mm 0.07. Kwenye mchoro andika ukubwa wa kona, usiandike tu kwamba kona zivunjwe.

Makosa ya umbali yamewapata wakubwa. Darubini ya Hubble iliporushwa mwaka 1990 ilitoa picha zenye utando, kwa sababu kifaa kilichotumika kupimia kioo chake kilikuwa na lenzi iliyokaa mm 1.3 nje ya mahali pake. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka kwenye kifuniko cha fimbo ya kipimo, mwanga ukarudi kutoka kwenye kifuniko badala ya ncha ya fimbo. Kioo kikasuguliwa kwa usahihi mkubwa kufuata umbo lisilo sahihi, na wanaanga wakaenda kurekebisha Desemba 1993.

Haifiki fokasi kabisa, au inaona vya karibu tu

C na CS ni aina mbili za kiungo cha kufungia lenzi kwenye kamera. Lenzi za C hukaa mm 17.526 kutoka kwenye sensa, za CS mm 12.5. Tofauti ni pete ya mm 5. Lenzi ya CS ukiiwekea pete hiyo itaona vya karibu tu. Lenzi ya C bila pete haitashika chochote.

Kama ulikuwa sawa na ukaharibikiwa baada ya kung'oa kichujio cha infraredi, si kasha. Kioo bapa husogeza fokasi nyuma kwa karibu theluthi ya unene wake. Cha mm 1 ni mm 0.34. Rudisha kioo kingine cha unene huohuo.

Asubuhi safi, saa nane mchana imefifia

Chukua umbali wa mm 17.526. Kwa alumini na ongezeko la nyuzi 30, umbali huo unarefuka mikroni 12. Kwa PLA, plastiki ya printa ya 3D, unarefuka 36 hivi, mara sita ya ile 6 yetu. Lenzi zenyewe nazo hubadilika, kwa hiyo hii si hesabu kamili, ila inatosha kukuonyesha kwa nini kasha la PLA halifai kushika umbali kati ya lenzi na sensa. Tena PLA hulainika kwenye nyuzi 60, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inafika huko. Chapisha ganda la nje kwa PLA ukipenda, lakini kati ya lenzi na sensa pawe na chuma mfululizo. Weka fokasi kamera ikiwa kwenye joto la katikati ya siku yake ya kazi, si kwenye ubaridi wa karakana usiku. Ukifunga hadi f/4, ile 6 inakuwa 12.

Ukikaza kufuli, picha inahama

Pleyi ya thredi imeonekana. Kwenye M12 digrii moja ya mzunguko ni mikroni 1.4, kwa hiyo digrii nne au tano tu zinakutoa nje ya fokasi, na skrubu ya ubavuni inapogusa bomba inalisukuma na kulizungusha kwa wakati mmoja. Zungushia bomba tabaka moja la utepe mweupe wa mafundi bomba kabla ya kuliingiza. Inaonekana kama ujanja wa mtaani, lakini inamaliza pleyi bila kuacha kitu kibaya. Skrubu ya chuma ibadilishe kwa yenye ncha ya nailoni, au tumia kishikio kilichopasuliwa.

Ilikuwa nzima, ikaharibika njiani

Kamera ikisafiri kwenye bodaboda na kufika ikiwa na pleyi, watu hukaza pete kwa nguvu zao zote. Haina haja. Lenzi nne zenye jumla ya gramu 4, zikipata mshtuko wa mara 50 ya uvutano, zinasukuma kwa nguvu ya gramu 200, pungufu ya robo kilo ya sukari. Pete ikazwe mpaka iguse, kisha kidogo, na ukanda mwembamba wa mpira kati yake na kioo ushike kazi iliyobaki. Tone la rangi ya kucha kwenye thredi linaizuia isifunguke.

Usitumie supaglu hapo. Mvuke wake hutua kwenye kioo kama vumbi jeupe siku ya pili, na utaanza kutafuta kosa la senta ambalo halipo. Ukungu wa namna hiyo haugeuki, hauna upande, na ukimulika lenzi kwa tochi kutoka ubavuni unauona. Kwa wa Tanga, Mombasa na Unguja, mulika hivyohivyo kutafuta nyuzi za kuvu. Pakiti ya silika ndani ya boksi inasaidia kabla hazijaota. Zikishakula tabaka la juu la kioo, fungua pete, nunua lenzi nyingine, na kumbuka kuipima kipenyo.